Naanza Morrowind leo: jambia linampita kaa lakini hafi, uchawi haurudi, na njia siioni

MgeniWaSeydaNeen

Wakuu, habari zenu. Ndiyo kwanza nimeanza Morrowind, ile ya 2002 pamoja na nyongeza zake mbili, Tribunal na Bloodmoon. Gemu za ukoo huu sijawahi kuzigusa, kwa hiyo mnivumilie.

Mhusika wangu: Breton (moja ya makabila ya gemu) mwanamume, taaluma nimeitengeneza mwenyewe. Mchepuo ni Magic, sifa nilizozipa kipaumbele ni Intelligence (akili) na Endurance (ustahimilivu). Stadi kuu ni Destruction, Conjuration, Restoration, Alteration na Mysticism. Stadi ndogo ni Long Blade, Medium Armor, Alchemy, Enchant na Athletics. Nyota ya kuzaliwa ni Atronach, kwa sababu ndiyo iliyoonyesha uchawi mwingi kuliko zote.

Yanayonishinda:

1. Nina jambia nililolichukua mezani pale ofisi ya forodha. Nampiga kaa wa tope, naona kabisa chuma kinampita mwilini, lakini hapati jeraha. Mara kumi, mara ishirini.

2. Nimelala saa 24, mstari wa bluu haujapanda hata kidogo.

3. Nimeambiwa nimpelekee mtu kifurushi Balmora. Ramani haina mshale wala alama. Watu mnajuaje pa kwenda?

4. Mashine ina RAM ya GB 4 na picha za Intel za ndani. Mjini picha zinakwama, na kwenye skrini pana kila kitu kimevutika kama chapati. Gemu nimeliweka ndani ya Program Files.

Nifute nianze upya au kuna namna?

---

Kobe_Mwendopole

Karibu sana mkuu. Hilo la kwanza ni dogo, fungua mipangilio ushushe ugumu mpaka −100. Kaa watakufa wenyewe.

---

Hesabu_za_Dadu

Kobe, hapo umempoteza mgeni wa watu. Kile kitelezi cha ugumu kinabadilisha kiasi cha madhara: wewe unaumia kiasi gani na adui anaumia kiasi gani. Hakigusi kabisa nafasi ya kupata au kukosa. Akikishusha mpaka mwisho ataendelea kukosa vilevile, tofauti ni kwamba kaa naye atakuwa anamtekenya tu.

Mgeni, gemu lako ni zima. Kila unaporusha silaha, dadu inachezwa kwa siri. Picha ya chuma kupita mwilini haina maana yoyote, kinachoamua ni hesabu hii (Agility ni wepesi, Luck ni bahati, Fatigue ni pumzi yako, ule mstari wa kijani):

(stadi ya silaha + Agility ÷ 5 + Luck ÷ 10) × (0.75 + 0.5 × sehemu ya Fatigue iliyobaki)

Halafu unatoa ukwepaji wa adui, ambao ni (Agility yake ÷ 5 + Luck yake ÷ 10) × kipimo kilekile cha Fatigue, safari hii ya kwake. Kinachobaki ndiyo asilimia yako.

Sasa tuweke namba zako. Jambia linahesabiwa kwa stadi ya Short Blade. Wewe umechagua Long Blade! Stadi yoyote usiyoichagua inaanzia 5, na Breton hana nyongeza ya Short Blade, kwa hiyo unayo 5 kavu. Agility ya Breton ni 30, Luck ni 40. 5 + 6 + 4 = 15. Ukiwa umejaa pumzi, 15 × 1.25 = 18.75. Tuchukulie adui ana Agility 40 na Luck 40, naye hajachoka: 12 × 1.25 = 15. Unabakiwa na asilimia 3.75. Na kama ulimkimbilia mpaka ule mstari wa kijani ukaisha, 15 × 0.75 = 11.25, uko chini ya sifuri. Usipige mara ishirini, piga mara elfu, hafi.

Linganisha na Redguard aliyepangwa kwa vita. Long Blade ikiwa stadi kuu ni 30, mchepuo wa Combat unaongeza 5, kabila lake linaongeza 15, jumla 50. Agility 40, Luck 40. Akiwa na pumzi anapata 62 × 1.25 − 15, yaani asilimia 62.5. Mtu huyohuyo akichoka kabisa: 62 × 0.75 − 15 = 31.5. Nusu ya upanga wake iko kwenye mstari wa kijani. Hili ndilo wageni wengi hulikosa, kwa sababu wanatembea dunia nzima kwa mbio, wanafika kwa adui wakihema, halafu wanalaumu silaha.

Kwa hiyo: usiingie vitani ukikimbia. Simama, au zima mbio kwa Caps Lock utembee. Fatigue inarudi kwa 2.5 + 0.02 × Endurance kila sekunde. Endurance yako ni 40 (30 ya Breton na 10 uliyoongeza), hivyo unarudisha 3.3 kwa sekunde. Fatigue yako yote ni Strength + Willpower + Agility + Endurance, yaani 40 + 50 + 30 + 40 = 160. Kutoka sifuri hadi kujaa ni kama sekunde 48. Subira hiyo ni bei rahisi kuliko kufa.

Ukitaka haraka, pika dawa. Umechagua Alchemy, kwa hiyo tafuta kinu na mchi, tia mkate na nyama ya kaa. Vyote viwili vina sifa ya kurudisha Fatigue. Saltrice na mayai ya kwama pia. Vya shilingi mbili, vinaokoa roho.

Kuhusu silaha yenyewe: tupa jambia, tafuta upanga mrefu. Angalia kwanza dukani kwa Arrille hapohapo Seyda Neen, kijiji ulichoanzia, ukikosa subiri Balmora. Ila usijidanganye. Kwa mchepuo wako Long Blade ni 15, inakupa 25 × 1.25 − 15, asilimia 16 tu. Wewe ni mchawi, piga kichawi.

---

BintiRedoran

Naongeza mawili kwenye maelezo ya kaka Hesabu.

Kitufe cha kipanya kikishikiliwa kabla ya kuachia, pigo linakuwa zito. Ukibofya haraka haraka unapata kile kiwango cha chini kabisa cha silaha. Pia kila silaha ina mapigo matatu, la kukata kutoka juu, la kufyeka pembeni na la kuchoma, na linalotoka linategemea unavyosogea. Mkuki ukichomwa unaua, ukizungushwa ni fimbo ya kuchungia mbuzi. Nenda kwenye mipangilio uwashe Always Use Best Attack, usahau habari hiyo.

Na angalia uzima wa silaha. Ikichakaa madhara yanapungua. Nyundo za fundi zinauzwa, Breton mwenye Armorer (stadi ya kutengeneza silaha) 5 ataharibu nyingi kabla ya kutengeneza kitu, lakini mafundi mjini wanatengeneza kwa ada.

---

Hesabu_za_Dadu

Sasa la pili, la mstari wa bluu. Hukusoma maelezo ya nyota mpaka mwisho. Atronach inakuongezea Magicka (nguvu ya uchawi, ndiyo huo mstari) mara mbili ya Intelligence, na inanyonya nusu ya uchawi unaorushiwa. Malipo yake ni kwamba Magicka hairudi kwa kulala. Ulale saa 24 au mwezi, ni hivyohivyo.

Faida yake kweli ni kubwa. Intelligence yako ni 60. Kila mtu ana mara 1, Breton anaongezewa 0.5, Atronach 2.0, jumla 3.5 × 60 = 210. Breton wa nyota isiyoongeza Magicka angekuwa na 90, au 120 akichagua Mage. Lakini hizo 210 ni tangi lisilo na bomba la kujazia. Njia za kulijaza ni hizi:

Dawa za Restore Magicka, za kununua au za kupika mwenyewe. Mwanzoni ni ghali.

Kurushiwa uchawi. Kila unaporogwa kuna asilimia 50 ya kuunyonya, na gharama ya uchawi ule inaingia kwenye tangi lako. Ukikutana na wachawi wenzako wao ndio kituo chako cha mafuta.

Mzimu. Kwa Conjuration ya 45 (30 ya stadi kuu, 5 ya mchepuo, 10 ya Breton) angalia orodha yako ya uchawi, Summon Ancestral Ghost inatakiwa iwemo. Mwite mzimu, mpige mwenyewe mpaka akasirike, naye atakurogea. Unachonyonya kinakujaza. Ni mtindo wa kijanja uliozoeleka, ila uwe na afya ya kutosha, maana anachokosa kunyonywa kinakupata.

Kurusha uchawi nako kuna dadu yake: (stadi × 2 + Willpower ÷ 5 + Luck ÷ 10 − gharama) × kipimo kilekile cha Fatigue. Kwa Conjuration yako, uchawi wa gharama 20 ni (90 + 10 + 4 − 20) = 84. Ukiwa na pumzi, 84 × 1.25 inapita 100, haukosi. Ukiwa hoi, 84 × 0.75 ni 63. Tena Fatigue! Na ukishindwa, Magicka imeshaondoka, kitu ambacho kwa mtu wa Atronach kinauma mara mbili.

Je, uanze upya? Kama bado una hifadhi (save) ya ndani ya ofisi ya forodha, rudi pale, kabla karani hajagonga muhuri karatasi zako unaruhusiwa kurekebisha kila kitu. Kwa mara ya kwanza ningechagua Lady, inaongeza Endurance 25 na Personality 25, au Mage kama unataka uchawi usio na masharti. Na toa Enchant kwenye stadi ndogo. Kujitengenezea vitu vya uchawi kwa stadi ya chini ni kuchoma vito vya roho bure.

---

Kobe_Mwendopole

Nimekubali kosa la ugumu, hesabu hiyo sikuijua kwa kina. Ila Atronach siyo ya kutupa. Akifika ngazi ya juu hakuna nyota inayoifikia. Tatizo ni kumpa mtu pikipiki kabla hajajua baiskeli.

---

fundi_wa_faili

Nijibu la nne, maana hili lina makosa mawili yaliyokaa pamoja.

Kwanza, Program Files. Gemu la 2002 linaandika hifadhi na mipangilio ndani ya folda lake lenyewe. Windows za leo hazipendi programu ziandike pale, kwa hiyo utapata hifadhi zinazopotea na mabadiliko yasiyoshika. Liondoe, uliweke kwenye folda la kawaida, mfano C:\Gemu\Morrowind.

Pili, injini, yaani programu inayoendesha gemu. Injini ya asili ilitengenezwa kwa mashine za enzi za Pentium III, RAM ya MB 128 au 256, na haijui kutumia viini vingi vya prosesa. Ndiyo maana hata kompyuta nzuri inakwama Balmora. Chukua OpenMW. Ni injini mpya iliyoandikwa upya na watu wa kujitolea, huru na bila malipo, inakwenda kwenye Windows, Linux na macOS. Haina gemu ndani yake, inahitaji faili za nakala yako uliyonunua.

Hatua:

Weka gemu la asili kwanza. Liwashe mara moja, lizime. Hiyo inatengeneza Morrowind.ini.

Pakua OpenMW kwenye tovuti yake, iweke. Mara ya kwanza itakuuliza gemu liko wapi. Ielekeze kwenye faili la Morrowind.esm ndani ya folda la Data Files. Ikikuuliza kuhusu kuingiza mipangilio kutoka Morrowind.ini, kubali. Ukiruka hapo, hali ya hewa na mwanga vinaweza kuwa vya ajabu.

Kwenye orodha ya faili za data weka alama kwenye Morrowind.esm, Tribunal.esm na Bloodmoon.esm, kwa mpangilio huohuo kutoka juu kwenda chini.

Ukiingia ukakuta vitu havina picha au vina rangi ya kushangaza, karibu mara zote ni mafaili ya .bsa (yanayobeba picha za gemu) ambayo hayajasajiliwa. Rudia ile hatua ya kuelekeza, usianze kupakua vitu vingine.

Kwa mashine yako: zima vivuli, zima maji ya kisasa yenye kuakisi, zima ardhi ya mbali. Umbali wa kuona uache kwenye 7168 iliyokuja nayo. Seli moja ya dunia ni 8192, kwa hiyo unaona karibu seli nzima, na ukungu wa mbali ndiyo sura halisi ya gemu hili hata hivyo. Skrini pana inakaa sawa yenyewe, hakuna tena chapati.

Hifadhi zitakwenda kwenye Documents, My Games, OpenMW. Fanya nakala ya folda hilo kila wiki.

Onyo: utasikia watu wakisifu Morrowind Code Patch na MGE XE, marekebisho yaliyotengenezwa na mashabiki. Ni nzuri, lakini ni za injini ya asili tu. Kwenye OpenMW haziwekwi. Kinachofanya kazi kote ni Patch for Purists, inarekebisha makosa ya mazungumzo, vitu na kazi bila kubadili gemu lenyewe. Ukiwa mgeni weka hiyo peke yake. Ukianza kumwaga modi (nyongeza za mashabiki) arobaini kabla ya kufika Balmora, gemu likianguka hutajua kosa ni la nani.

---

BintiRedoran

La tatu ndilo tamu.

Mgeni, hakuna mshale kwa sababu njia imeandikwa. Fungua mkoba wako, kuna karatasi ya maelekezo uliyopewa na Sellus Gravius pamoja na kifurushi na sarafu 87. Isome. Inakwambia ufike Balmora uulizie Caius Cosades kwenye South Wall Cornerclub. Ndiyo utaratibu wa gemu zima: mtu anakwambia "pita daraja, fuata bonde, ukiona mwamba geuka kushoto", nawe unafanya hivyo. Vibao vya njia panda vipo, visogelee vitajiandika. Maneno yenye rangi ya bluu kwenye mazungumzo yabofye. Kila mtu muulize latest rumors na little advice, wengine wana vya maana.

Kwenda Balmora una njia mbili. Kwa miguu kupitia Pelagiad, barabara ina vibao. Au upande silt strider, yule mdudu mrefu anayelia nje ya kijiji. Nauli ni ndogo. Kutoka Seyda Neen anakwenda Balmora, Vivec, Suran na Gnisis. Baadaye ukijua chama cha Mages Guild, matawi ya Balmora, Ald'ruhn, Caldera, Vivec na Sadrith Mora yanarushana kwa uchawi. Usafiri wa Vvardenfell, kisiwa hiki ulichopo, ni kama wa mabasi ya mikoani, hakuna gari moja linalofika kote, unajifunza kuunganisha.

Lakini usiondoke Seyda Neen mikono mitupu. Kwenye ua wa ofisi kuna pipa, ndani yake kuna pete ya uponyaji. Ni ya Fargoth, yule Mbosmer (elf wa msituni) mfupi atakayekusimamisha ukitoka. Ukimrudishia, yeye na Arrille mwenye duka watakupenda, na bei zitalegea. Ghorofani kwa Arrille yupo Hrisskar, ana kazi ya usiku inayomhusu huyohuyo Fargoth. Panda mnara wa taa, tazama anakokwenda. Pete utakutana nayo tena, sisemi zaidi.

Tembea kidogo kaskazini ya kijiji kuelekea Balmora, mtu ataanguka kutoka mbinguni. Mpekue. Ana hati tatu za Icarian Flight. Zinakupa Acrobatics (stadi ya kuruka) 1000 kwa sekunde 7. Ukisoma moja ukaruka, utavuka nusu ya kisiwa, na utakufa ukitua, kwa sababu sekunde 7 zinaisha ungali hewani. Namna ni kusoma ya pili unapokaribia ardhi, muda mfupi kabla ya kugusa. Hifadhi kwanza, ndugu yangu. Hifadhi kwanza.

Na kwa kuwa wewe ni mchawi: utakapojiunga na Mages Guild ya Balmora, Ajira atakutuma uyoga wa aina nne: luminous russula, violet coprinus, bungler's bane na hypha facia. Wote uko kwenye kinamasi cha hapo ulipo. Wawili wa kwanza unaota chini penye maji maji, wawili wa mwisho umeng'ang'ania mashina ya miti kama rafu. Chuma mmoja mmoja sasa hivi, ukifika unajiunga na kumaliza kazi dakika ileile. Wanachama wana kasha la bure la vifaa kwenye jengo la chama, usilisahau.

---

Mkuja_wa_Bara

Kwa lugha: gemu hili ni la kusoma, halisemi kwa sauti isipokuwa salamu na matusi. Neno utakalolisikia sana ni outlander. Kwa Kiswahili cha pwani huyo ni mkuja, na wenyeji wanalitamka kwa uchungu uleule. Himaya imekuja, imejenga ngome na ofisi za kodi, wenyeji wana dini yao, koo zao kubwa na watu wa jangwa la majivu ambao hata wenyeji wenzao hawawatambui. Ukilisoma hivyo, chuki ya watu wa Balmora inaeleweka, siyo kwamba umewakosea. Foyada ni bonde lililochimbwa na lava kutoka Red Mountain. Ukiambiwa "fuata foyada", ni barabara ya asili, kuta pande mbili, hupotei.

Koo zinazokubali wageni ni tatu: Hlaalu, Redoran na Telvanni. Ukiingia mmoja, miwili imefungwa. Vyama vya kawaida havina sharti hilo, ingawa Thieves Guild na Fighters Guild watagongana mbele ya safari.

---

Hesabu_za_Dadu

Kabla hajaanza upya, suala la kupanda ngazi. Ukipandisha stadi kuu na ndogo mara 10 kwa jumla, lala, utapanda ngazi na kuchagua sifa tatu. Kila sifa inapata kizidishio kulingana na mara ngapi ulipandisha stadi zake: mara 1 hadi 4 inatoa 2, mara 5 hadi 7 inatoa 3, mara 8 au 9 inatoa 4, mara 10 inatoa 5. Luck siku zote ni 1. Kwa hiyo andika kwenye daftari, ufikishe 5 kwenye sifa zote tatu kila ngazi.

---

BintiRedoran

Kaka, hapana. Usimgeuze mtoto wa watu karani wa stoo. Gemu linamalizika vizuri bila daftari. Sifa moja tu ndiyo ya kuikimbilia, Endurance, kwa sababu kila ngazi unaongezewa afya kwa sehemu moja ya kumi ya Endurance uliyonayo wakati huo, na hairudi nyuma. Mwenye 40 anapata 4 kwa ngazi, mwenye 80 anapata 8. Ukiipandisha ngazi ya 20, zile 19 za nyuma zimekwenda. Hiyo ipandishe mapema, nyingine zitajipa.

---

Hesabu_za_Dadu

Hapo sibishi sana. Basi anunue mafunzo ya stadi za Endurance kwa walimu mapema. Medium Armor anayo tayari, Heavy Armor na Spear nazo zinahesabiwa. Stadi ikiwa chini bei ni ndogo. Mwalimu hakufundishi kupita kiwango cha sifa inayotawala stadi hiyo, kwa hiyo mwenye Strength 40 hapati Long Blade ya 41 kwa pesa.

---

fundi_wa_faili

Mitego mingine ambayo ni ya gemu, siyo ya mashine, mtu asije akadhani ni hitilafu:

Tribunal ikiwa imewashwa, wauaji wa Dark Brotherhood wanaweza kukuvamia usingizini hata ukiwa ngazi ya 1. Hakuna kizuizi cha ngazi. Kwa mhusika mchanga ni kifo. Kuna modi ndogo zinazochelewesha hilo, au ondoa alama ya Tribunal.esm kabla ya kuanza na uirudishe baadaye. Wengine wanaacha makusudi, wamuue muuaji kwa ujanja na kuuza mavazi yake, ambayo ni ya bei. Sawa, ila uchumi wa mwanzo unakufa hapohapo.

Wizi una kumbukumbu. Ukimwibia mfanyabiashara kitu kisha ukamuuzia yeye kitu cha aina ileile, hata kile ulichokinunua kwingine kihalali, atasema ni chake na kukuita mwizi. Ulichoiba uza mji mwingine.

Uzito wa kubeba ni Strength × 5. Wewe una 200. Ukipita hapo husogei kabisa, na hata kabla ya kupita, mzigo mzito unakula Fatigue unapokimbia, na hapo tunarudi kwenye dadu.

Panya na wenzake wana maradhi. Ukiona sifa imegeuka nyekundu tafuta Cure Common Disease. Maradhi ya tufani ya majivu ni aina nyingine, dawa ya kawaida hayaisikii, yanataka Cure Blight.

Ukimuua mtu muhimu wa hadithi kuu, ujumbe utatokea kukwambia hatima imekatika. Siyo mapambo. Rudisha hifadhi. F5 kuhifadhi haraka, F9 kurudisha, lakini weka pia hifadhi zenye majina, maana F5 inafuta ile iliyotangulia.

---

Kobe_Mwendopole

Na wale ndege. Cliff racers. Usiwakimbie, wanafuata mpaka mwisho wa dunia na wanaitana. Simama, mgongo kwenye mwamba, subiri washuke, ndipo upige. Mchawi awachome wakiwa mbali.

---

MgeniWaSeydaNeen

Asanteni sana wakuu, kumbe jambia na upanga si kitu kimoja! Nimerudi kwenye hifadhi ya ofisini: Breton yuleyule, nyota Mage, Enchant nimetoa nikaweka Short Blade. OpenMW imekaa, vivuli nimezima, Balmora haikwami tena. Uyoga wote wanne nimempa Ajira. Caius amenipa sarafu 200 akaniambia nijiunge na vyama kwanza, nimejiunga, sasa Hasphat Antabolis wa Fighters Guild anataka kijikasha cha Dwemer (watu wa kale waliotoweka) kutoka magofu ya Arkngthand. Nimefika, nimevuka lile daraja la kale mashariki ya Fort Moonmoth juu ya foyada. Mlango ni mwamba wa duara, hauna kitasa wala tundu la ufunguo. Nimejaribu uchawi wa kufungua, wapi.

---

BintiRedoran

Usihangaike na mlango. Tazama jirani yake, kuna bomba lenye mpini wa kuzungusha. Uguse, mlango utafunguka kwa muda kisha utajifunga tena, kwa hiyo usizubae. Ndani kuna majambazi, ingia ukiwa umepumzika. Unachotafuta ni kijikasha kidogo cha mraba kilichokaa rafuni, rangi yake ni ya shaba kama kila kitu mle ndani, ndiyo maana watu wanakipita mara tatu.

---

Hesabu_za_Dadu

Na simama sekunde 48 kabla ya kuzungusha huo mpini.